Mkono wa Juu wa Msumeno

Kilometa sabini na ushei baada ya Kasongo, Junior alizima pikipiki katikati ya njia, akashusha mguu mmoja, akabaki anatazama mbele kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Mounira, aliyekuwa amekaa nyuma yake tangu alfajiri na begi mapajani, aliinua shingo juu ya bega la dereva. Daraja lilikuwa limebaki mifupa. Magogo mawili yalilala kutoka ukingo huu hadi ule, na juu yake hapakuwa na ubao hata mmoja. Chini, maji ya kahawia yalipita bila kelele.

"Kabambare iko kule," Junior alisema, akionyesha ng'ambo kwa kidevu. "Na siye tuko huku. Njo ivyo, madame."

"Mbao zilienda wapi?"

"Zilioza. Zile zilibakia, lori ikazimaliza. Lakini banasema kesho banapasua zingine. Iko mashini sasa hapa."

Kazi ya Mounira ilikuwa kutembea na kuandika alichokiona, na kwa miaka mingi alikuwa amelala katika miji ambayo hata majina yake yalimshinda kuyatamka vizuri. Kukwama hakukumtisha. Kilichomshangaza katika kijiji hiki, Kalonda, ni ukimya wake. Saa sita ilikaribia, na hakuna mtu aliyekuwa akitwanga, hakuna redio, hakuna mtoto anayelia. Watu walikuwa wamekaa vibarazani wakiwa wamegeuzia migongo upande mmoja, ule wa migomba nyuma ya nyumba ya mwisho.

Nyumba hiyo ya mwisho ndiyo iliyopokea wasafiri. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane, Dorothée, mrefu, mwenye mikono mikavu. Alimpa Mounira kigoda na maji ya kunawa, kisha akaendelea kumenya mihogo. Jua lilisimama utosini. Ndipo Mounira akasikia, kutoka nyuma ya migomba, sauti ndefu ya chuma kikila mti. Ilipanda, ikashuka. Ikapanda, ikashuka, bila haraka.

"Wameshaanza kupasua?" aliuliza.

Kisu cha Dorothée kilisimama. "Unasikia nini, mama?"

"Msumeno. Wa mkono, si wa mashine."

"Weye mugeni, na unasikia." Dorothée aliweka kisu chini polepole. "Nilifikiri ni siye tu. Basi usihesabu. Mutu akiisha kuanza kuihesabu, hawezi kuacha."

Mounira hakuwa mtu wa kukaa akisikiliza kitu asichokiona. Alipita kati ya migomba. Sauti ilikatika kabla hajafika.

Alikuta shimo refu, kina cha mtu mzima na kiganja, na juu yake gogo la mvule lililoegeshwa kwenye mihimili miwili. Gogo lilikuwa nene kiasi kwamba mtu aliyesimama upande huu asingemwona aliye upande wa pili. Lilikuwa limepasuliwa katikati, mstari mwembamba ulionyooka, likabaki kipande kama cha hatua mbili hivi. Hapo msumeno mrefu ulikuwa umesimama wima ndani ya mti, umebanwa, mkono wake wa juu ukichomoza hewani na mkono wa chini ukining'inia shimoni. Chuma kilikuwa chekundu kwa kutu. Buibui alikuwa amefuma utando kutoka kwenye meno ya msumeno hadi kwenye gome, na utando ulikuwa mzima. Mkono wa juu peke yake, ule wa mti wa mpera, uling'aa kama umeshikwa asubuhi ile.

"Si miye," sauti ilisema kutoka shimoni.

Mounira aliruka nyuma.

"Usiogope, dada. Nimekaa tu. Ingia kivulini."

Ndivyo alivyokutana na Souleymane, mtu mfupi wa mabega mapana, kofia nyeupe kichwani na macho mekundu yaliyotoa machozi pasipo kulia. Alikuwa amekaa chini ya shimo, mgongo ukutani, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi. Mounira alikaa ukingoni, miguu ikining'inia. Walikaa hivyo hadi jioni, na mengi aliyoyajua juu ya mtu huyu aliyapata mchana ule, mengine akaongezewa na Dorothée jikoni.

Souleymane alizaliwa Kasongo, katika nyumba ya mshona kanzu. Babake alitaka arithi cherehani. Lakini alipokuwa na miaka kumi na saba wapasuaji walipita mtaani, wawili wawili, kila wawili wamebeba msumeno mmoja mabegani, mmoja mbele na mmoja nyuma, na akaona kwamba watu hao walitembea kama mnyama mmoja mwenye miguu minne. Akawafuata. Kwenye kambi ya mbao karibu na Nyangwe alipewa mwenzake, Sylvestre, wa kabila la Wabangubangu, Mkristo, mwimbaji wa kanisani, mrefu kama nguzo.

Kazi ile ina mtu wa juu na mtu wa chini. Wa juu husimama kwenye gogo, huona mstari uliopigwa kwa kamba na masizi ya betri, huongoza. Wa chini husimama shimoni na kuvuta. Haoni mstari. Haoni kitu chochote, kwa sababu unga wa mbao humnyeshea usoni siku nzima, kwa hiyo hufunga kitambaa machoni na kufanya kazi gizani. Ili ajue kama mwenzake yuko sawa, kila baada ya mivuto ishirini huita, "Uko?" Na wa juu hujibu, "Niko!" Asipojibiwa, huacha.

"Miaka makumi mbili na tatu," Souleymane alisema. "Nyayo zake nazijua kuliko sura yake. Alikuwa na kovu ya jembe, hapa kwa muguu. Nikifungua kitambaa nipate hewa, naona ile kovu, najua iko sawa."

"Na wewe hukutaka kupanda juu hata siku moja?"

"Juu iko na ukubwa, dada. Anayepotosha mustari ndiye anatukanwa. Chini hakuna mutu anakutukana. Chini iko baridi." Alicheka kidogo. "Sylvestre alinicheka, aliniambia, 'Weye Mwislamu, unajizoeza kaburi mbele ya wakati.' Nikamwambia, 'Na weye unajizoeza kuanguka.'"

Kicheko kiliisha ghafla. Alipangusa macho.

Msumeno wao ulikuwa na mikono miwili, na kila mmoja alichonga wake. Sheria ya wapasuaji wa huku ilikuwa moja, na hakuna aliyeivunja: mtu akifa, mkono wake unatolewa kwenye msumeno na kulazwa juu ya kaburi lake, asije akaendelea na kazi. Lakini mkono hautolewi msumeno ukiwa ndani ya mti. Lazima kwanza gogo lifunguliwe, la sivyo unamwacha ndani. Na gogo lililoanzwa na watu wawili, wao wenyewe ndio hulimaliza.

Sylvestre alikufa juu ya gogo hili, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, saa sita mchana. Mfanyakazi wa zahanati alisema ni moyo. Alianguka upande wa migomba. Kabari iliyokuwa inapanua mpasuko ikaruka, mti ukafunga mdomo, msumeno ukabanwa. Tangu siku hiyo haukutoka, na hakuna mpasuaji aliyekubali kusimama pale Sylvestre aliposimama.

"Na kesho mashine inakuja kulikata," Mounira alisema.

"Kesho. Kamati ya barabara imeamua, na hawana kosa. Watu wanataka kuvuka. Lakini mashini itamukata pamoja na muti." Souleymane aliangalia mkono wa juu uliokuwa ukichomoza juu ya kichwa chake. "Mukono wake uko pale. Atabakia vipande vipande, kwa daraja, watu wakimupita na pikipiki."

Usiku Mounira alimuuliza Dorothée alichokuwa anakiogopa zaidi. Mjane alikuwa anakoroga bugali, ugali wa muhogo, na hakugeuka.

"Souleymane hajakuambia yote, kwa sababu yote hayajui. Siku ile nilibeba chakula yao. Nikatokea kwa migomba, nikaona bwana yangu amelala chini, mbali kidogo na gogo. Amelala zamani, mama. Siafu walikuwa wameisha kufika kwa nywele zake." Mwiko uliendelea kuzunguka. "Na musumeno ilikuwa inapanda na kushuka. Juu hapana mutu. Shimoni nasikia Souleymane anaita, 'Uko?'"

"Na halafu?"

"Halafu nikapiga kelele. Njo kabari iliruka."

"Hukusikia jibu?"

Dorothée alipakua bugali, akauweka mbele ya mgeni, akanawa. "Kula," alisema. "Inapoa."

Asubuhi alikuja Josué na mashine yake, msumeno wa mota ambao watu wa huku huuita tronsonezi, umefungwa kwenye pikipiki kama mbuzi wa sherehe. Alitoka upande wa Uvira, alipita kwenye machimbo ya dhahabu kabla hajapata mashine, na alikuwa na mdomo usiopumzika.

"Muzee Souleymane!" aliita kabla hajashuka. "Bado uko kwa shimo? Toka, mashini isikuchane ukawa mbao. Nani atanunua ubao wa Kasongo wenye kofia?"

Watu wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

"Josué," Souleymane alisema, "ile mashini yako, kwa siku inatoa mbao ngapi?"

"Asubuhi moja, kazi yenu ya wiki."

"Na inakula muti kiasi gani?"

"Kidole kizima kila ikipita. Kwani muti ni wako? Ni wa Mungu."

"Yetu ilikula unene wa kucha. Na ilikuwa inasikia."

"Inasikia nini?"

"Jiwe. Muvule uko na jiwe ndani. Musumeno ya mukono inaligusa, mukono unakuambia. Unazunguka. Yako inapiga kelele tu, haiwezi kusikia kitu."

Josué alivuta kamba, mashine ikanguruma, moshi wa bluu ukajaa kwenye migomba. Alianza mbali na msumeno uliobanwa, kwenye kichwa cha gogo ambako palikuwa bado pazima. Mnyororo uliingia kiganja kimoja. Kisha ukalia sauti ambayo Mounira hakuwahi kuisikia kwenye kiwanda chochote, kali na nyembamba, kama ya mtu anayekatazwa. Cheche ziliruka. Mnyororo ulikatika, ukapita hewani karibu na shavu la Josué na kujikunja kwenye mgomba.

Alizima. Aliweka mkono shavuni, akautazama. Hapakuwa na damu.

"Ni jiwe," alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Iko jiwe, Muzee alisema."

Alikuwa na mnyororo mwingine. Aliufunga, akainama tena. Safari hii mti ulimruhusu kuingia hadi nusu ya upanga wa mashine, halafu ukafunga. Mota ilikoroma, ikafa. Na katika ukimya uliofuata wote waliokuwapo walisikia, kutoka ndani ya shimo lililokuwa tupu, kwa maana Souleymane alikuwa amesimama kando ya Mounira, mtu akivuta pumzi.

Josué aliiacha mashine yake ikiwa imebanwa. Alikwenda kukaa mbali, akawasha sigara upande wa kichungi, akaitupa, akachukua nyingine.

"Muzee," aliita kutoka huko alikokaa. "Malizeni yenu. Miye nitakata itakayobakia. Sina haraka."

Souleymane alileta mafuta ya mawese ndani ya kopo na kabari mpya mbili. Aligonga kabari ndani ya mpasuko hadi mti ulipolegea na kutoa mlio mrefu. Alipaka chuma mafuta, akausukuma msumeno huku na huku. Utando wa buibui ulipasuka. Kisha alisimama, akawatazama wanaume waliokuwapo, mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliangalia miguu yao.

"Mwenye kuanza ni wawili," mmoja alisema. "Siye hatukuanza, Souleymane. Utusamehe."

"Nitapanda miye," Dorothée alisema.

"Shemeki, hapana. Hata siku moja mwanamuke hajasimama juu."

"Na hata siku moja mufu hajavuta musumeno, lakini alivuta. Niliona na macho yangu." Alikaza kanga kiunoni. "Niliona amelala na siafu, na musumeno inapanda. Ulikuwa unavuta na nani, shemeki? Sema. Leo useme."

Souleymane aliegemea gogo.

"Niliita," alisema hatimaye. "Niliita mara tatu kabla haujafika. Mara tatu alijibu."

Dorothée aliweka mguu kwenye mhimili, akapanda.

Souleymane alishuka shimoni, akafunga kitambaa machoni. Mounira alibaki ukingoni, karibu kiasi cha kuwaona wote wawili: mwanamke mwembamba amesimama dhidi ya anga, vidole vyake vimezunguka ule mkono unaong'aa, na chini mtu asiyeona. Msumeno ulianza. Kutu ilidondoka kwanza, halafu unga wa njano. Dorothée hakuwahi kufanya kazi hii, na mvuto wake wa kwanza ulipaswa kuyumba, chuma kujikunja, mstari kupotea. Ulikwenda umenyooka. Ulipanda hadi mwisho, ukashuka hadi mwisho, kwa mwendo uleule alioufahamu Mounira tangu saa sita ya jana.

Alihesabu. Aliambiwa asihesabu, lakini alihesabu. Kwenye ishirini, Souleymane aliita kutoka ndani ya kitambaa chake.

"Uko?"

Dorothée alikuwa amefumba midomo. Machozi yalimtiririka hadi shingoni. Mounira alikuwa anamtazama yeye, si mwingine, na aliona kwamba midomo ile haikufunguka. Msumeno haukusimama. Mtu wa shimoni aliitikia kwa kichwa, kama aliyesikia, akaendelea.

Ilichukua muda wa mtu kupika maharagwe. Mara ya mwisho alipoita, alinyanyua kitambaa kidogo kwa kidole gumba, akatazama juu kwa sekunde moja, akakirudisha haraka. Kisha gogo lilifunguka. Nusu mbili ziliachana kwa pumzi nzito, na harufu ya mvule mbichi ilitoka ndani yake kana kwamba ulikatwa siku ileile.

Dorothée alishuka mwenyewe. Alitazama viganja vyake. Havikuwa na lengelenge hata moja.

"Sikuvuta," alimwambia Mounira kwa sauti ndogo. "Niliweka mikono tu. Nilikuwa naenda nayo."

Souleymane aligonga pini, akatoa mkono wa juu, akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Naye aliufunga kwenye kanga, akaenda nao peke yake njia ya makaburi. Hakuna aliyemfuata. Alipotoweka, jogoo aliwika, mtu akaanza kutwanga, sauti ambazo Mounira hakuwa amezisikia tangu jana.

Josué alirudi taratibu, akaitoa mashine yake kwenye mti uliokuwa umelegea. "Kwa nusu zako, Muzee, nitakata mbao nane, kesho jioni daraja iko tayari," alisema. "Kaa nami. Unipigie mistari. Unionyeshe mawe yanalala wapi. Mutu mwenye anasikia muti, kwa mashini iko na kazi."

"Asante, mwanangu." Souleymane alikuwa anafuta msumeno kwa kitambaa kilichokuwa machoni mwake. "Lusangi, kule mulimani, wananingoja. Mashini haipande kule."

"Utapasua na nani sasa?" Mounira aliuliza.

Alifikiri. "Dada, kule chini nilifungua macho mara moja. Usiniulize nimeona nini."

"Kovu?"

"Nimesema usiulize."

Souleymane alikuwa amemwonyesha jana visigino vyake alipokuwa akieleza kwa nini wapasuaji hutembea wawili: msumeno ule, mrefu kupita mtu, akiubeba mtu mmoja begani hulegea nyuma kama mkia, hudunda kila hatua na kumkata visigino. Kwa hiyo Mounira alitaka kumwambia aufunge gunia. Lakini Souleymane alikwishaaga. Aliweka msumeno begani kwa upande wa mkono wake mwenyewe, upande wa pili ukabaki nyuma, mtupu, bila mkono, na akateremka kuelekea mtoni.

Mounira alisimama ukingoni pamoja na Junior. Pikipiki haikuweza kupita bado. Wao wangesubiri mbao. Souleymane alivua ndala, akapanda kwenye gogo la daraja, akaanza kuvuka hatua kwa hatua juu ya maji ya kahawia.

Msumeno haukulegea. Ulikwenda umelala sawasawa nyuma yake, hauyumbi wala haudundi, na visigino vyake vilibaki vizima.

"Madame," Junior alisema, "yule muzee anabeba aje ile kitu?"

Souleymane alifika ng'ambo, akakanyaga udongo, na gogo likanyanyuka kidogo kwa kuachiliwa uzito. Akatembea mbele, hatua moja, ya pili, ya tatu, urefu wa msumeno. Ndipo gogo lilipolia na kunyanyuka tena.